Majina Mawili ya Kisauni

Katika Kiingereza nomino mbili huweza kuwekwa pamoja pasipo kiungo chochote, na msomaji akaachiwa kutambua uhusiano wake. Kwa mazoea ya namna hiyo Waingereza wa karne ya 19 waliwaita baadhi ya wakazi wa Kisauni "Bombay Africans" au "Nassick boys". Majina haya mafupi yaficha habari ndefu.

Asiyejua aweza kudhani kwamba Waafrika hao walizaliwa Bombay. Sivyo. Walitekwa Afrika wangali watoto, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, kisha wakapelekwa Bara Hindi. Wengi walilelewa katika kituo cha misheni karibu na mji wa Nasik, wakafundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Bombay, basi, haikuwa kwao. Ilikuwa njia waliyopitishwa.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyepata kuwa Gavana wa Bombay, alitumwa Unguja kudai mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 wamisionari wa C.M.S. walianzisha makao ya watu waliokombolewa huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakayaita Freretown kwa heshima yake. Watu waliotoka Nasik walifanya kazi kubwa katika misheni hiyo.

Mmoja wao alikuwa William Jones. Mwaka 1885 alipewa ushemasi, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya kwenda Uganda. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeuongoza msafara uliosalia kurudi pwani. Je, mtu wa namna hii ni mtoto? Lakini ndiyo maana ya "boy". Na neno hilo liliingia katika Kiswahili likawa "boi", yaani mtumishi wa nyumbani, hata akiwa mzee mwenye mvi.

Freretown ilikuwa na kengele, ambayo yasemekana ilipigwa kuwaonya watu walipojiwa na wateka watumwa. Kwa sababu yake mahali hapo paliitwa Kengeleni, na jina hilo lingalipo. Freretown lamkumbuka mkubwa mmoja. Kengeleni lawakumbuka wote waliolala wakitega sikio. Kwa hiyo, tukutanapo na jina katika vitabu vya historia, tusiridhike kujua lamtaja nani; tuulize pia ni nani aliyelitoa.