Kiropraksi ya farasi: kunyoosha mgongo kwa mikono

Kiropraksi ni matunzo ya mikono: mtu anasukuma viungo vya uti wa mgongo, bila dawa wala kisu. Daniel David Palmer aliianzisha kwa watu mwaka 1895, kule Davenport, Marekani. Baadaye ikaingia pia kwa farasi.

Shingo ya farasi ina pingili 7. Kwa kawaida nyuma yake kuko 18 za kifua na 6 za kiuno. Hapo kifuani ndipo tandiko linakaa, ni kusema kiti cha mpandaji. Farasi mwenye kuumwa mgongo anaweza kukataa tandiko, ao kushindwa kugeuka upande mmoja.

Mtunzaji anagusa pingili moja moja. Akipata kiungo chenye kukazana, anakisukuma mara moja, haraka na kwa kipimo.

Je, inasaidia? Utafiti ungali kidogo. Unaonyesha kwamba mgongo unaweza kulegea na maumivu kupunguka kwa muda. Lakini mfupa wenye kuvunjika hauponi hivyo, na kuusukuma ni hatari. Ndiyo maana daktari wa mifugo anapaswa kupima kwanza. Tena, kama tandiko ndilo linaumiza na halibadilishwe, maumivu yatarudia tu.