Umeme wa kadi ya grafiki iliyotulia na uhariri wa BIOS

Uhariri wa BIOS ya kadi ya grafiki ni ufundi wa kubadilisha namba za kasi na volteji zilizohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe. Wengi huufanya ili kadi ikimbie zaidi. Makala hii inahusu lengo lililo kinyume: kupunguza umeme unaoliwa na kadi wakati kompyuta imewashwa lakini haina kazi nzito, mathalani mwenyewe anaandika barua au ameinuka kwenda kula. Ufundi huu ulivuma kuanzia mwaka 2008, na sababu kubwa ilikuwa kadi moja, Radeon HD 4870.

Jedwali la hali

BIOS ya kadi hukaa kwenye chipu ndogo ya flashi. Kompyuta inapowashwa, hiyo ndiyo inayoiamsha prosesa ya grafiki na kuleta picha kwenye skrini kabla mfumo endeshi haujapanda. Kwenye kadi za ATI, kampuni iliyonunuliwa na AMD mwaka 2006, BIOS hubeba pia jedwali linaloitwa PowerPlay. Humo zimo hali za kadi: ya kuwashia, ya kutulia, ya kuonyesha video, ya michezo. Kila hali ina kasi ya prosesa, kasi ya kumbukumbu na volteji yake. Draiva huchagua hali ya kutumia, lakini namba haizitungi, inazikuta jedwalini. Ndiyo maana anayelibadilisha jedwali hubaki na mabadiliko yake hata akihama mfumo endeshi au akiihamishia kadi kwenye kompyuta nyingine. Kwa watumiaji wa Linux jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, kwani draiva huria ya radeon haikuwa na ubadilishaji kamili wa hali hizo hadi kerneli 3.11 ya mwaka 2013.

Umeme unaoliwa na saketi hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Kushusha volteji kutoka 1.2 hadi 1.0, kasi ikibaki ileile, kunaondoa takribani asilimia 30 ya umeme huo. Aliyeshusha kasi na kuiacha volteji juu amefanya nusu ya kazi.

Kisa cha HD 4870

Kadi hii ilitoka Juni 2008, ikiwa ya kwanza sokoni kutumia kumbukumbu ya GDDR5. Prosesa yake, RV770, ilikwenda megahezi 750 na kumbukumbu megahezi 900. Kila pini ilipitisha gigabiti 3.6 kwa sekunde, na kwa njia yenye upana wa biti 256 jumla ikafika gigabaiti 115.2 kwa sekunde. Michezoni iliwatisha washindani. Tatizo lilionekana mchezo ulipofungwa: prosesa ilishuka hadi megahezi 500 tu, na kumbukumbu ikabaki palepale kwenye 900. AMD ilipoitambulisha HD 5870 Septemba 2009, yenyewe ilitaja kwamba HD 4870 hula wati 90 ikiwa imetulia, dhidi ya wati 27 za kadi mpya. Aibu ilizidi kwa sababu GeForce GTX 280 ya Nvidia, iliyotoka mwezi uleule wa Juni 2008 na yenye chipu kubwa kwa mbali, ilitajwa kutulia kwenye wati 25 hivi.

Mzizi wa jambo ni tabia ya GDDR5. Kasi yake inapobadilika, kidhibiti kilicho ndani ya prosesa na chipu za kumbukumbu lazima vipatanishwe upya, na wakati huo picha haiwezi kusomwa kutoka kwenye kumbukumbu. Upatanisho ukitokea skrini ikiwa katikati ya kuchorwa, picha humeta au hukatika. Kadi za baadaye zilipatanisha haraka zaidi, tena katika upenyo mfupi ulio kati ya picha moja na inayofuata. HD 4870 ilikwepa kumeta kwa kuiacha kumbukumbu ikimbie saa zote.

Wahariri wakaingia hapo. BIOS ilinakiliwa kwa programu ya GPU-Z, ikafunguliwa katika Radeon BIOS Editor, hali ya kutulia ikapewa kumbukumbu ya megahezi 200 na ushei badala ya 900 na prosesa ya chini zaidi, kisha faili likarudishwa kwenye kadi kwa ATIFlash. Akiba ilikuwa makumi ya wati, na sehemu kubwa ilitoka kwenye kumbukumbu. Aliyeigusa prosesa peke yake aliambulia wati chache. Gharama yake ilikuwa kumeta kwa skrini kila kadi ilipohama kutoka hali moja hadi nyingine, jambo ambalo baadhi walilivumilia na wengine liliwashinda siku ya kwanza. Palikuwa pia na njia isiyogusa chipu kabisa: kuhariri faili la wasifu la Catalyst, programu ya mipangilio ya AMD, na kuandika humo kasi za chini. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya busara, maana kosa lake hufutika kwa kufuta faili.

Skrini mbili

Skrini mbili zisizochorwa kwa wakati mmoja hazina upenyo wa pamoja wa kubadilishia kasi. Kwa hiyo kadi nyingi, za zamani na za leo, huiacha kumbukumbu juu pindi skrini ya pili inapochomekwa. Radeon RX 7900 XTX ya Desemba 2022 ililalamikiwa kwa jambo hilihili, na AMD ikaendelea kulipunguza kwa matoleo ya draiva mwaka 2023. Kabla ya kufikiria kuflashi, yaani kuandika BIOS upya kwenye chipu, mtu achomoe skrini ya pili au ajaribu kulinganisha kasi ya kuchora ya skrini zote mbili. Mara nyingi dawa iko hapo.

Kuflashi na ajali zake

Faili la BIOS huanza na baiti mbili, 55 na AA kwa hesabu ya msingi wa 16. Baiti inayofuata hutaja ukubwa wake kwa vipande vya baiti 512. Jumla ya baiti zote, ikigawanywa kwa 256, haipaswi kuacha baki. Radeon BIOS Editor hulisawazisha hilo yenyewe, lakini anayehariri baiti kwa mkono asiposawazisha jumla huishia na kadi isiyoamka. Nguvu za umeme zikikatika katikati ya uandishi, matokeo ni hayohayo.

Hitilafu inayowachanganya mafundi zaidi ni ya volteji iliyoshushwa kupita kiasi kwenye hali ya kutulia. Mchezo huenda vizuri kwa saa nzima, kisha kompyuta inaganda dakika ileile mwenyewe anapoufunga. Wengi hukimbilia kulaumu pawa saplai au joto, na kosa liko kwenye mstari mmoja wa jedwali.

Kadi isiyoamka baada ya kuflashiwa kwa kawaida hufufuka. Kompyuta huwashwa kwa kadi nyingine au kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa kuu ya kompyuta, kisha nakala ya BIOS ya awali huandikwa upya. Ikishindikana, chipu ya flashi hubanwa kwa kibanio na kuandikwa moja kwa moja kwa kifaa cha bei nafuu kama CH341A. Radeon HD 6950 na HD 6970 za Desemba 2010 zilirahisisha mambo kwa kuwa na BIOS mbili na swichi ndogo ya kuchagulia.

Mlango kufungwa

Kuanzia HD 7970, iliyotangazwa Desemba 2011, teknolojia ya ZeroCore iliishusha kadi chini ya wati 3 skrini ikizimika, na haja ya kuhariri ikapungua. Baadaye uwezekano wenyewe ukabanwa. Nvidia ilifunga kadi za Pascal za mwaka 2016 zisikubali BIOS iliyobadilishwa bila sahihi ya kampuni. AMD ilifanya vivyo hivyo kwa Vega mwaka 2017. Wenye Vega walihamia kwenye rejista ya Windows, ambako jedwali mbadala la PowerPlay huweza kuwekwa bila kugusa chipu. Kadi za Polaris, kama RX 480, zilibaki katikati: chipu hukubali kuandikwa, ila draiva ya kawaida hukataa kupanda hadi ifanyiwe viraka. Nyingi ya hizo zilihaririwa kwa ajili ya kuchimba sarafu za kidijitali kisha zikauzwa mtumba, hivyo mnunuzi hana budi kukagua BIOS iliyomo na kurudisha ya kiwandani.

Kwa kadi za Intel, Arc A750 na A770, zilizoanza kuuzwa Oktoba 2022, mabadiliko hufanywa kwenye BIOS ya ubao mama. Wapimaji walikuta A770 ikila zaidi ya wati 40 imetulia. Intel ilielekeza kuwasha ASPM, utaratibu wa kuilaza njia ya PCI Express isipotumika, na kuiwekea Windows kiwango cha juu kabisa cha kubana umeme wa njia hiyo. Hakuna kinachoflashiwa, na mwenye kadi hiyo hana sababu ya kutofanya hivyo leo.

Faida yenyewe huhesabika. Wati 40 zilizookolewa kwa saa 8 kila siku ni uniti 116.8 kwa mwaka. Kipimo cha kuaminika ni mita ya kuchomeka ukutani, ikisomwa kabla na baada ya mabadiliko, kwa sababu namba zinazoonyeshwa na programu kwenye kadi za zamani huacha nje sehemu ya umeme. Mwenye HD 4870 inayowashwa kutwa ataona faida ya kazi yake mapema. Mwenye kadi ya miaka ya karibuni aanze na draiva mpya na mipangilio ya ubao mama, na yeyote atakayeflashi ahifadhi nakala ya BIOS ya awali nje ya kompyuta anayoifanyia kazi.