Vitabu vya mwongozo wa utunzi wa Kiswahili

Vitabu vya mwongozo wa utunzi wa Kiswahili ni vitabu vinavyomfundisha mtunzi kanuni za sanaa yake, au vinavyoeleza jinsi wasanii walivyostahimili matatizo ya kazi hiyo. Kabla ya vitabu hivyo, ufundi wa kutunga ulipatikana kwa kusikiliza na kuiga, na njia hiyo ingali inatumika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Vitabu vya kanuni

Kitabu kinachojulikana zaidi ni "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri" (1954) cha Amri Abedi (1924–1964), mzaliwa wa Ujiji aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Kitabu kinaeleza vina, mizani, beti na kituo, kisha kinatoa mashairi ya mwandishi mwenyewe. Kwa kawaida shairi la tarbia lina mistari minne katika kila ubeti. Mstari una mizani 16, yaani silabi nane kila upande, na vina hutokea katikati na mwishoni.

Mgogoro wa ushairi

Miaka ya 1970 kanuni hizo zilipingwa. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa diwani ya "Kichomi" (1974) yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi waliandika "Kunga za Ushairi na Diwani Yetu" (1979), wakitetea kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Jumanne Mayoka aliingia katika mjadala huo kwa kitabu "Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka" (1984).

Kwa mtunzi anayeanza, mgogoro huo haukuwa wa wasomi tu. Kwa kanuni za upande mmoja, kazi yake ingeweza kukataliwa kuwa si shairi kabisa. Kwa upande mwingine, angeweza kuacha vina kabla hajajifunza kuvitumia. Siku hizi wanafunzi husoma aina zote mbili, mashairi ya kimapokeo na mashairi huru.

Vitabu kuhusu matatizo ya wasanii

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, na aliyerekodi nyimbo Bombay mwaka 1928. Katika "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini", Shaaban Robert anasimulia maisha yake mwenyewe. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya maandishi ya kisiasa. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa kwa jina la "Sauti ya Dhiki" (1973).

Malezi ya utunzi Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, wanaishi Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua na wengineo. Huko jando na unyago vimekuwa shule ya nyimbo. Kungwi hufundisha wari kwa nyimbo fupi zenye mafumbo. Mmoja huanzisha na wengine huitikia. Mwenye kipaji hutambuliwa kwa uwezo wake wa kubuni maneno papo hapo bila kupoteza mapigo ya ngoma.

Nachingwea ilikuwa pia na kambi kubwa ya mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji wa FRELIMO, chama ambacho mwaka 1971 kilichapisha mkusanyo wa mashairi ya mapambano kwa Kireno. Nyimbo zilikuwa sehemu ya maisha ya wapiganaji.

Njia hizi mbili hukamilishana. Kitabu humpa mtunzi majina ya vitu anavyovifanya na humwonyesha makosa yake. Ngoma humpa wasikilizaji wanaomwitikia mara moja, au wanaonyamaza.