Maji ya Thika na Uongo wa Hola



Ukisimama mjini Thika, pale Mto Chania unapokutana na Mto Thika, utayaona maji yakienda zake upande wa mashariki. Maji hayo huingia katika Mto Tana, na Tana huyachukua mpaka Hola, kisha baharini. Leo tuyafuate, kwa maana siku moja maji ya huko Hola yalisingiziwa kuwa yameua watu.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilikuwa na kambi ya kizuizi huko Hola. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 85 walitolewa kwenda kufanya kazi kwa nguvu katika mashamba ya kumwagilia maji. Askari wakawapiga kwa marungu, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini? Ilisema wamekufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Maiti zilichunguzwa, zikaonekana alama za mapigo. Mwezi wa Mei, hakimu Goudie aliyesikiliza uchunguzi wa vifo hivyo alieleza kwamba vililetwa na kipigo, wala si maji.

Je, watawala hawakuwa wameonywa? Walionywa, tena kutoka karibu na Ruiru. Katika gereza la Kamiti alifanya kazi mama mmoja Mwingereza wa Kanisa la Marafiki, jina lake Eileen Fletcher. Mwaka 1956, baada ya kurudi kwao, aliandika wazi kwamba aliwaona humo wasichana wa miaka 11 na 12 waliofungwa maisha. Wakubwa hawakumshukuru. Waliyapinga maneno yake mbele ya Bunge la Uingereza. Mwaka uliofuata, 1957, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugonjwa. Mtu yule alijua kuwa ni dhambi, hata akaiita kwa jina lake. Alichoogopa ni kusikika tu. Pilato naye aliuliza habari za kweli, akatoka nje bila kungoja jibu, kisha akaagiza maji anawe mikono. Huko Hola pia maji yalitafutwa ili yaoshe mikono ya wakubwa.

Tena tufikiri jambo hili. Taarifa ya uongo haitoki katika kinywa cha mkubwa peke yake. Hupita kwa anayeiandika, kwa karani anayeipiga chapa, kwa msomaji wa habari, na kwa sisi tunaoitikia kwa vichwa ili tusipate taabu. Kila mkono unaoipokea unaweza kuizuia. Mama Fletcher hakuwa na cheo kikubwa wala askari. Alikataa tu kunyamaza juu ya yale aliyoyaona.

Kweli hukawia, naam. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vya Hola. Majalada mengi ya siku zile yalifichwa Uingereza, yakajulikana hadharani mwaka 2011. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa bila kulisikia neno hilo.

Kwa hiyo tusiseme, "Kweli itajitokeza yenyewe." Kuikawiza ni kumdhulumu mwenye haki. Wewe uliyeko Thika au Ruiru, ukiitwa barazani au ofisini kutia sahihi usiyoyaona, au kuyakana uliyoyaona, utafanyaje? Jiulize leo, kabla hujaitwa.