Mchanga Uliomo Ndani ya Ramli

Siku hizi ikisemwa kwamba fulani amekwenda kupigiwa ramli, watu hufikiria kibanda cha mganga, tunguri, pengine na kioo. Mchanga haumjii mtu akilini. Hata hivyo neno lenyewe ni mchanga: *raml* ya Kiarabu, iliyoupa jina pia mji wa Ramla, ulioasisiwa huko Palestina mwanzoni mwa karne ya 8.

Waarabu waliita fani hii *ilm al-raml*, elimu ya mchanga. Mpiga ramli alisawazisha mchanga mbele yake, akachoma vitone kwa ncha ya kidole safu baada ya safu, upesi upesi, makusudi asipate kuvihesabu. Zikitimia safu 16 alivifuta vitone viwili viwili, mpaka kila safu ikabaki na kimoja au viwili. Safu nne zilifanya umbo moja, na kwa hesabu hiyo maumbo yote yanayoweza kutokea ni 16, hayazidi. Manne ya kwanza huitwa mama. Mama hao wakisomwa kwa kukata upande hutoa mabinti wanne, kisha maumbo hujumlishwa mawili mawili, kizazi hadi kizazi, hadi libaki la 15, yaani hakimu.

Hakimu huyo ana sifa ya ajabu: jumla ya vitone vyake lazima iwe shufwa. Ikitoka witiri, mpigaji amekosea mahali fulani na hana budi kuanza upya. Utabiri mtu anaweza kuukataa, lakini ufundi wa hesabu hii unastahili heshima.

Fani ilisafiri mbali. Katika karne ya 12 Hugo wa Santalla aliifasiri kwa Kilatini huko Aragon, Hispania. Mwaka 1241 au 1242 fundi Muhammad ibn Khutlukh alitengeneza chombo cha shaba chenye visahani vya kuzungusha badala ya mchanga. Kimehifadhiwa British Museum, London. Wamalagasi wana *sikidy*, yenye maumbo yaleyale 16, ila wao hupanga mbegu. Mwanahistoria Ibn Khaldun, alipoandika kitabu chake *Muqaddimah* mwaka 1377, aliichambua ramli na kuipinga: ghaibu haijulikani kwa vitone.

Uswahilini mchanga ulimwagwa juu ya ubao, ndiyo maana kupiga ramli huitwa pia kupiga bao. Baadaye kalamu na karatasi zikachukua nafasi ya mchanga, na neno likapanuka likabeba uaguzi wa kila namna, hata usio na kitone kimoja.

Upanuzi huo umeleta msamiati mchungu: ramli chonganishi, yaani uaguzi unaomtaja jirani au ndugu kuwa mchawi. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo moshi wa kuni unatosha kuyaleta. Watu wenye ualbino nao wakawindwa kwa imani, iliyoenezwa na baadhi ya waganga, kwamba viungo vyao huleta utajiri. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu 1928, enzi za Waingereza, na mauaji hayakukoma. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza marufuku dhidi ya wapiga ramli, na kufikia Machi polisi walikuwa wamekamata waganga zaidi ya 200 wasio na vibali.