Hofu ya Kununuliwa

Mwaka 1897 Oscar Méténier alifungua jumba dogo la tamthilia katika mtaa wa Pigalle, Paris, akaliita Grand-Guignol. Jumba hilo hapo kale lilikuwa kanisa. Viti vyake havikufika 300, na malaika wawili wa kuchongwa walibaki darini, wakitazama macho yakitobolewa na shingo zikikatwa jukwaani.

Max Maurey, aliyelishika mwaka uliofuata, yasemekana alipima ubora wa mchezo kwa idadi ya waliozirai, akaweka na daktari wa kuwahudumia. Hila ya mfanyabiashara, naam, lakini ya mfanyabiashara aliyeujua moyo wa mteja. Mwandishi wake mkuu, André de Lorde, alikuwa mkutubi; baadhi ya tamthilia zake alizitunga pamoja na Alfred Binet, mwanasaikolojia yuleyule wa vipimo vya akili. Hawakuhitaji mizimu. Waliwaleta jukwaani madaktari na wendawazimu, watu ambao mtazamaji angeweza kukutana nao njiani akirudi kwake.

Usiku mmoja ulichanganya mikasa na vichekesho, zamu kwa zamu, ili kicheko kiilegeze hadhira kabla ya kisu kurudi. Nayo hadhira ilijua kwamba damu ile ni rangi na gliserini, na kwamba Paula Maxa, aliyeuawa pale mara maelfu, kesho angerudi kuuawa tena.

Jumba lilifungwa mwaka 1962. Mkurugenzi wa mwisho, Charles Nonon, aliilaumu vita: baada ya Buchenwald, jukwaa halikuwa na la kuonyesha. Kauli nzito, ila ni nusu ya ukweli. Mwaka 1960 Georges Franju alikuwa amekwisha kuonyesha Les Yeux sans visage, filamu ya daktari anayebandua nyuso za wasichana ili bintiye apate sura. Mwaka 1963 huko Marekani, Herschell Gordon Lewis alitoa Blood Feast, filamu hafifu kwa kila kitu isipokuwa damu, nayo ikamletea faida kubwa. Wateja hawakuichoka hofu. Walihamia ng'ambo ya pili ya barabara, penye sinema.

Walichokiacha nyuma ni mwigizaji anayeinuka mwisho wa mchezo na kuinama mbele yao. Mwaka 1980 filamu ya Ruggero Deodato, Cannibal Holocaust, ilikamatwa huko Italia, naye akatuhumiwa kuua; ikambidi awatafute waigizaji wake na kuwaleta, ionekane kwamba wangali hai.