Deni la Mtu Asiyekujua

Mwaka 2021 shangazi yangu wa Langoni, mjini Lamu, alikopa shilingi 3,000 kwa simu anunue unga na mafuta ya mahamri. Akachelewa kulipa siku nne tu. Siku ya tano nikapigiwa mimi, niko ndani ya matatu Nairobi: mwanamke nisiyemjua ananiambia nimwambie "mtu wako" alipe. Namba yangu waliichota kwenye simu yake.

Nilipompigia shangazi, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, mtu hanijui, mlango wangu haujui, amenikopesha vipi?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia.

Lamu haikuanza kukopa jana. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na kusi yamejaa boriti za mikoko, na biashara hiyo ilikwenda kwa mkopo: mali leo, malipo msimu ukigeuka. Watu wa pwani wana jina lake, mali kauli. Bidhaa unachukua, dhamana ni neno lako. Hata Tippu Tip aliingia bara kwa mali ya mkopo wa matajiri wa Unguja, na mkubwa wao alikuwa Taria Topan. Mkopeshaji alijua wewe ni mtoto wa nani, unakaa mtaa gani, na shamba lako liko wapi.

Lakini tusiipambe zamani. Misafara hiyo ilibeba pembe na ikaleta watumwa. Na kwa kuwa riba ni haramu, kulikuwa na bei khiyari: unamwuzia mkopeshaji shamba lako, unabaki na khiyari ya kulikomboa, na huku unamlipa kodi ya kukaa mulemule. Faida ile ile, kanzu nyingine. Katika karne ya 19 mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalizama kwenye madeni. Kujuana hakukuzuia mtu kunyang'anywa.

Halafu ikaja intaneti. Mwaka 2005 Matt Flannery na Jessica Jackley walianzisha Kiva huko Marekani, na mikopo ya kwanza ikaenda kwa wafanyabiashara wadogo 7 wa Tororo, Uganda. Unaona picha ya mama muuza samaki, unasoma habari zake, unamkopesha dola 25. Wewe hupati riba, ila taasisi inayompelekea pesa kwa kawaida humtoza. Na mwaka 2009 mtafiti David Roodman akaonyesha kwamba mara nyingi yule mama alishapewa mkopo kabla wewe hujabonyeza kitu. Kiva ikabadilisha maelezo yake. Hata hivyo, pale angalau palikuwa na uso.

Kwetu Kenya uso ukaondoka. M-Pesa ilikuja 2007, M-Shwari ikafuata 2012: historia ya matumizi ya simu yako ndiyo inayokupimia mkopo. Baadaye programu za kukopesha zikamiminika, nyingine zikisoma hadi orodha ya majina kwenye simu. Ukichelewa, wanapigiwa ndugu, bosi, hata mchumba uliyeachana naye. Machi 2022 ndipo zikatoka kanuni za Benki Kuu: wakopeshaji wa kidijitali wachukue leseni, na wasisumbue watu walio kwenye simu ya mkopaji.

Kwa hiyo jibu la shangazi ni hili: hakukopeshwa kwa kujulikana. Alikopeshwa kwa sababu sisi wengine tulikuwa ndani ya simu yake. Aibu yetu ndiyo iliyokuwa rahani.

Deni lile lililipwa na mchezo wa wanawake wa mtaani. Zamu haikuwa yake, ilikuwa ya jirani, na jirani akamwachia. Hakuna aliyeandika kitu. Mwezi mzima, kila alfajiri, mlango wa jirani ulibishwa kwa sahani ya mahamri ya moto, na zamu ya shangazi ilipofika, pesa zikapita kichochoroni hata bila kuhesabiwa.